Buti Namba Saba

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata jirani yangu hapa Ekerenyo, mama Bathsheba Nyanchoka, na ukimuuliza atakusimulia huku akichambua mboga, maana amechoka hata kuogopa.

Mwanawe Haron alikuwa mwanamaji. Mwaka ule wa 2012, jeshi letu la Kenya lilipoingia Kismayu, Somalia, kutoka baharini, alishuka ufukweni na wenzake alfajiri. Bandari ikatekwa. Haron hakuonekana tena, si mzima wala maiti. Rafiki yake Thadeus ndiye aliyeleta begi lake nyumbani.

"Niliokota nilichopata mchangani, mama," alisema, akashindwa kumtazama usoni.

Miaka kumi na mitatu mama akangoja. Magoti yakaharibika, presha ikapanda. Hofu yake ilikuwa moja tu: akitangulia yeye, nani atamwita Haron arudi? Mtu asiyelazwa kwao hutangatanga. Basi Agosti iliyopita akamwambia mwanawe mkubwa, Zachariah, wafanye kama wafanyavyo watu ambao maiti ya mtu wao haikupatikana. Wakate mgomba wa urefu wa mtu, wauvike nguo za marehemu, wauzike huku wakimwita kwa jina.

Mzee wa kanisa aliomba kwa kifupi akaaga mapema. Mambo ya mgomba hakutaka kuyaona. Zachariah akauvika mgomba shati. Alipotoa buti kwenye begi, akasita.

"Mama, hizi ni namba saba," alinong'ona. "Haron alikuwa anavaa kumi na moja."

Bathsheba alilijua hilo tangu siku begi lilipofika. Lakini kaburi lilishachimbwa, watu walishakusanyika, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Ziweke tu. Nataka kupumzika, mwanangu."

Zikawekwa. Wakamwita Haron mara tatu, wakafukia.

Wiki ya kwanza ilikuwa shwari. Ya pili, saa tisa mchana, mama akarudi kutoka kuchuma chai akakuta sakafu ya jikoni imelowa. Mvua haikuwa imenyesha. Zilikuwa nyayo za buti, ndogo, zimetoka upande wa kaburi hadi kwenye kiti kilicho karibu na meko. Akachovya kidole, akaonja. Chumvi.

Akapiga deki. Kesho yake zikarudi. Akapiga deki tena, akinung'unika kwa sababu ya mgongo.

Siku ya tano, kitini palikuwa na mtu.

Alimpa mgongo. Kijana mwembamba. Nguo zinachuruzika maji. Akasema maneno machache, na hayakuwa Kiswahili wala Ekegusii. Sauti ilikuwa ya upole, kama ya mgeni anayeuliza njia.

"Wewe ni wa nani?" mama alinong'ona.

Kiti kikawa kitupu. Maji yakabaki.

Jioni hiyo akamweleza Zachariah. Alitarajia kulia kwa hofu, lakini kilichomliza ni huruma.

"Tulimwita Haron, akaitika mwenye buti. Naye ana mama mahali fulani."

"Lakini lile ni kaburi la Haron," Zachariah akasema. "Tufukue, mama. Tuzitoe hizo buti, tumwite upya. Hata sasa hivi, nichukue jembe."

Bathsheba alitazama magoti yake yaliyovimba. Miaka kumi na mitatu ilimwelemea yote kwa pamoja.

"Kesho," akasema. "Leo nimechoka."

Asubuhi Zachariah alifika na jembe, akamkuta mama amesimama uani, kitenge kimeanguka chini, hana habari. Alikuwa akitazama nyayo nyingine. Za miguu mitupu. Mikubwa.

Ziliingia kutoka barabarani, zikapita mbele ya mlango wa nyumba, zikafika ukingoni mwa kaburi. Hapo zilisimama kwa muda mrefu, kwani udongo ulididimia kwenye visigino. Kisha ziligeuka, zikarudi zilikotoka.

Walifukua siku hiyo hiyo, wakazitoa buti. Wamemwita Haron kila asubuhi tangu hapo, mpaka sauti ya mama ikakauka. Nyayo hazijarudi. Ila kutoka kaburini hadi barabarani, kila palipokanyagwa, nyasi zimekufa kwa chumvi, hatua moja baada ya nyingine, na vidole vyote vinaelekea nje.