Kijiti cha Kulia

Kijiti cha kulia cha rimoti kilikuwa kimelowa. Godefroid alikifuta kwa kitambaa, akainama kutafuta bisibisi, na alipoinuka kilikuwa kimelowa tena, hasa pale juu panapokaa kidole gumba. Akakinusa. Jasho la mtu, na petroli kidogo.

"Ni joto," alijisemea, naye alijua anajidanganya, maana asubuhi ile Kolwezi nzima ilikuwa imevaa makoti.

Rimoti ile ya ndege ndogo ilikuwa ya shemeji yake Hénock, aliyeingia chini ya lori na pikipiki yake siku tisa zilizopita. Alipokuwa hai, kila asubuhi aliirusha ndege juu ya mashimo ya mgodi wa Mashamba kupiga picha za kingo, ili wachimbaji wajue udongo umeanza kupasuka wapi. Jioni alirudi nyumbani kumpiga mkewe. Gumba la kulia la Louise alilivunja mara mbili, na sasa halikunji. Chama cha wachimbaji kilikuwa tayari kumpa Louise kazi ya ndege, ajitegemee, atoke nyumbani kwa wakwe. Tatizo lilikuwa gesi, kijiti cha kuipandisha ndege. Hicho hakirudi chenyewe kama vingine, kinataka gumba lenye nguvu, na Hénock alikiweka kulia. Ndipo Louise akamletea rimoti kaka yake Godefroid, fundi wa redio, aihamishie gesi kushoto.

"Yaya," Louise alimnong'onezea kaka yake mlangoni mwa kibanda, "tata Muteba, mukubwa wa jamaa ya Hénock, alisema bitu bya mufu habafungue mbele ya kilio kwisha. Ye njo atatoka Lubudi, atashika rimoti, ataita jina ya Hénock, halafu atanipa."

"Tata Muteba anangojea treni, na treni ya Lubudi unaijua. Watu wa chama batakungojea wewe?"

Mafundi ndivyo walivyo, wakishaona skrubu hawasikii la mtu. Godefroid akafungua.

Alihamisha springi ya kushoto akaipeleka kulia, akakichukua kile kibati kinachokizuia kijiti cha gesi kisiteleze akakifunga kushoto. Kazi ya nusu saa. Lakini springi ya kulia ilikatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika, na kipande chake kikamwingia chini ya ukucha wa mkono wa kulia, kikazama chote. Alitukana, akanyonya damu, akaweka ya tatu. Harufu ikajaa kibandani, ya jasho, petroli, na pumzi ya mtu aliyekesha na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji.

Louise aliijua pumzi ile.

"Yaya, njo yeye."

"Kamata. Jaribu."

Ndege ilikuwa juu ya meza, uani. Louise akasukuma gesi kidogo kwa mkono wa kushoto, pangaboi likazunguka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka. Kisha kijiti cha kulia kikapanda chenyewe, kikiishinda springi, kikabaki juu kimetulia kama kimeshikiliwa.

"Tosha batri!" Godefroid alipiga kelele.

"Minaisha kuitosha!" Louise aliinua batri aliyokwisha kuing'oa kwenye rimoti. "Iko mu maboko yangu!"

Ndege ikaruka kutoka mezani moja kwa moja kwenye uso wa Louise, naye akainua mkono, pangaboi likamchana kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, damu ikatapakaa ukutani, ndege ikageuka, ikarudi ikitafuta shingo, ikimfuata alikokimbilia, hadi Godefroid akaidaka kwa bawa, akaibamiza chini na kuiponda kwa nyundo mara kumi, mara ishirini, na motor iliyopasuka ikaendelea kunguruma bila waya wala batri, mpaka ikanyamaza.

"Inaisha?" Louise aliuliza kwa sauti ndogo.

Mkono wa kulia wa Godefroid, ule wenye kipande cha springi, haukuiachia nyundo. Aliuamuru, ukakataa. Ukapanda, naye akauangalia ukipanda, nyundo ikamshukia dada yake begani, mfupa ukalia, na kabla Louise hajaanguka vidole vilikwisha kuitupa nyundo na kumkaba koo, na kinywani mwa Godefroid ikatoka sauti ya Hénock: "Nani alikupatia kitu yangu? Nani?"

Uso wa Louise ukawa mweusi. Godefroid alilia machozi. Akajitupa nyuma kwa mwili mzima, akamburuta dada yake hadi kwenye jiliwa, lile koleo kubwa la chuma lililofungwa mezani, akausukumia mkono wake wa kulia humo kwa kiwiko cha kushoto, akazungusha mpini. Akazungusha tena. Mifupa ikavunjika mmoja mmoja, vidole vikalegea, Louise akadondoka akikohoa.

Sauti ilikatika. Harufu ikapungua.

"Anaenda, yaya?" Louise alijikokota, akanyoosha mkono kwenye mpini amfungulie kaka yake.

Godefroid alitaka kusema ndiyo. Aliangalia shingo ya dada yake, alama za vidole zikianza kuvimba, na hasira ikampanda kutoka tumboni, hasira isiyokuwa yake, nayo ilikuwa tamu. Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake.

"Usifungue," alisema. "Enda, Louise. Enda sasa, na usiniambie kwenye unaenda."

"Yaya..."

"Enda!"

Louise alitoka akilia, bega likining'inia. Godefroid alisikiliza hatua zake mpaka zikapotea kwenye kelele za barabara, kisha kwa mkono wake wa kushoto akauzungusha mpini kwa mara nyingine, kuubana zaidi.