Suti ya Studio

Kola ya shati ilikuwa chafu. Si shati la mtu, ni shati la ndani ya kompyuta, lile la kwenye suti ambayo Vaileth aliwavalisha wateja wa picha za pasipoti. Alilitazama, akasogeza kiti, akalitazama tena. Mstari wa jasho la kahawia ulizunguka shingoni kama wa mtu aliyeshinda juani.

"Ditram, umeichezea hii suti?"

"Niichezee ya nini?" Ditram alijibu bila kugeuka. Alikuwa anahangaika na printa iliyokula karatasi. Wawili hao ndio waliokuwa studio nzima: Vaileth alibuni, Ditram alipiga picha na kuprinti, na chumba chao kimoja pale Magomeni, Kilosa, kiligeuka tanuri kila jua lilipopanda.

Vaileth akapiga mwayo, akaisafisha kola kwa brashi ya kompyuta, akaendelea na kazi. Na kazi gani hiyo, jamani! Ukitaka kumjua binadamu, mtengenezee kadi ya harusi. Asubuhi atataka maua mekundu, mchana atamleta mama mdogo anayetaka ya zambarau, jioni watakubaliana wote kwamba ile ya kwanza ndiyo ilikuwa nzuri. Mabango ya mkutano wa injili, vipeperushi vya watu wa shamba la mbegu la Kilangali, fulana za msiba, vyote vinatakiwa leo, na vyote "ni kazi ndogo tu, dada." Vaileth hakukumbuka mara ya mwisho kuamka akiwa ameshiba usingizi.

Suti yenyewe ilikuwa moja. Nusu ya mji imewahi kuivaa: mwalimu anayeomba uhamisho, mgombea wa kitongoji, marehemu aliyeacha picha moja tu akiwa na singlendi. Vaileth alikata kichwa cha mteja, akakipachika juu ya kola, na mtu akatoka na heshima zake.

Kesho yake kola ilikuwa chafu tena. Safari hii ilikuja na harufu, ya pasi ya mkaa ikipita juu ya nguo mbichi, na mtaa ule haukuwa na dobi wala fundi cherehani. Kisha wateja wakaanza kurudi. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba tangu apige ile picha shingo ilikuwa nzito, na mbwa wake mwenyewe alimbwekea getini kama mwizi. Alipona baada ya siku chache. Akaja mwingine na yaleyale, naye akapona. Vaileth aliwaambia wakapime malaria, akarudi kwenye kadi zake.

Ndipo Loveth alipopiga simu kutoka Mikumi. Loveth alikuwa mke wa Fortunatus, mdogo wake Vaileth, ndugu pekee aliyebaki naye baada ya wazazi kufa. Vaileth ndiye aliyemlea, ndiye aliyemsomesha, na ndiye aliyemvalisha ile suti kwa ajili ya picha iliyompatia kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja kando ya barabara kuu.

"Wifi, njoo," Loveth alinong'ona. "Njoo leo hii. Huyu niliye naye ndani siye."

"Siye nani?"

"Siye mume wangu, wifi."

Vaileth alipofika Mikumi alimkuta Fortunatus amesimama mbele ya kioo, mlango wazi, mchana kweupe, malori yakinguruma nje. Alikishika kichwa chake kwa mikono miwili, akakigeuza kidogo kushoto, kidogo kulia, akakibonyeza chini, kama mtu anayejaribu kofia gulioni. Mwanawe, Beda, alikuwa amejificha kwenye khanga ya mama yake na hakutaka kumtazama. Ile harufu ya pasi ilijaa sebule nzima.

"Fortu. Ni mimi, dada yako."

Yeye, ambaye hakuwahi kumwona dada yake bila kumpa shikamoo, alimtazama kupitia kwenye kioo. Akatabasamu, lakini tabasamu lilichelewa kufika machoni.

"Vingine vilinibana," akasema, kwa sauti ya mtu mzima kuliko yeye. "Hiki kinanitosha."

Usiku ule hakuna aliyefumba jicho nyumbani mle. Asubuhi walikodi gari, wakamweka Fortunatus katikati, wakarudi Kilosa. Njiani Vaileth alimpigia Bi Sikuzani, muuza mitumba wa Magomeni ambaye hutibu pia watu wenye mashetani, akamweleza yote, na habari za suti. Alikuwa mteja wake, tena msumbufu, bango lake lilirudiwa mpaka Ditram akataka kulia. Walipofika walimkuta ameshakaa studio, chetezo miguuni.

"Shikamoo, Bi Sikuzani."

"Marahaba. Mkalisheni hapo, kwenye kigoda cha picha." Alivuta hewa puani, akakunja uso. "Nionyesheni hiyo suti. Mwenyewe yuko wapi?"

Vaileth na Ditram wakatazamana.

"Ni ya yule bwana aliyekuja mchana mmoja," Ditram akasema polepole. "Alikuja masika, mvua inamwagika, na suti yake imekauka kau. Nikampiga picha, akasema atarudi kuichukua. Hakurudi."

"Tulihitaji suti safi," Vaileth akasema. "Nikaikata."

"Na kichwa?"

"Nilikitupa. Kwenye kapu la taka la kompyuta, halafu nikalimwaga kapu. Picha nzima haipo tena."

Bi Sikuzani hakukiwasha chetezo. Alikisukuma kando kwa kidole cha mguu.

"Basi mimi sina kazi hapa. Mimi namfukuza jini anayeonea watu. Huyu ameonewa. Mmemkata kichwa mkakitupa, kisha kila siku mnambandika vichwa vya wenzenu. Naye akawa anavijaribu, hiki hakimfai, kile hakimfai, mpaka amepata kinachomtosha. Akishakizoea hakivui, na huyu kijana hutamwona tena."

"Sasa nifanye nini, mama yangu?" Machozi yalikuwa yanamtoka Vaileth na hakuyafuta.

"Wewe si fundi wa sura? Huyo ni mteja wako. Mhudumie. Na usiazime pua ya mtu wala jicho la mtu. Mchore mwenyewe, kwa mkono wako, la sivyo atakayeazimwa ndiye atakayelipa."

Vaileth akafungua faili la suti. Umeme ukakatika palepale. Feni ikazima, printa ikazima, lakini skrini ikabaki inawaka. Alijifuta viganja kwenye gauni. Aliogopa, lakini mdomo wake ulikuwa umezoea kukaribisha wateja.

"Karibu, mteja. Tuanze na macho?"

"Tuanze," akasema aliyekuwa ndani ya Fortunatus.

Akachora macho. "Yana haraka," ikasema ile sauti. Akayatuliza. "Yamelala sana." Akayafungua. Akachora pua. "Ipunguze." Akaipunguza. "Umeipunguza mno." Na kila sauti ile ilipokataa, Vaileth aligeuka kumtazama mdogo wake na kuona kuna kitu kimepungua, kwanza nyusi, zikififia kama chaki iliyopitishiwa kiganja, kisha kovu la kidevuni alilolipata utotoni, kisha mikunjo ya midomo, na Loveth mlangoni akaanza kusali kwa sauti ya chini, na Ditram akamshika mkono asikimbilie ndani, na joto likapanda, na harufu ya pasi ikawa nzito hata koo likawasha, na Vaileth akachora, akafuta, akachora, huku akijiambia asiangalie tena, asiangalie, kwa sababu akiangalia mara nyingine atakuta juu ya shingo ya Fortunatus pamebaki ngozi tupu.

"Rudisha ile pua ya kwanza," sauti ikasema.

Jamani! Hapo Vaileth alihisi hasira ikimpanda juu ya hofu, hasira ya miaka, ya kila kadi na kila bango.

"Bwana mteja," akasema, meno yameumana, "ya kwanza uliikataa mwenyewe. Nakurudishia, lakini ukishakubali umekubali. Unaniachia mdogo wangu na mazungumzo yanaishia hapo. Sawa?"

Bi Sikuzani alikuwa amefumba macho.

"Sawa," ikasema ile sauti.

Akairudisha pua. Akapunguza kivuli shavuni, akaweka masikio ya kawaida. Sura ikakaa: mwanamume wa makamo, mpole, asiyefanana na mtu yeyote ambaye Vaileth aliwahi kumjua.

"Hapohapo," sauti ikasema, ikashusha pumzi ndefu.

Fortunatus akaanguka kutoka kwenye kigoda. Walipomgeuza nyusi zilikuwepo, kovu lilikuwepo, na jasho lilimtoka kama mgonjwa ambaye homa imemshuka.

"Dada," akasema. "Shikamoo. Nipe maji."

Vaileth alimkumbatia, kisha akamletea maji. Harufu ilikuwa imekwisha. Faili la suti, Ditram alipolitafuta umeme uliporudi, halikuwepo, na hakuna aliyesikitika.

Fortunatus akarudi Mikumi kwa mkewe na mwanawe. Vaileth akapumzika siku mbili, akalala, akala, akacheka. Siku ya tatu akafungua studio.

Jua lilipofika utosini Ditram alitoka kwenda kula. Vaileth alikuwa anapanga herufi za kadi ya kipaimara, akasikia mtu anabisha hodi kistaarabu.

"Karibu," akasema, akainua macho.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye pua ambayo Vaileth aliirudia mpaka vidole vikafa ganzi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu asiyetaka kusumbua.

"Sikuja kwa shari," akasema. "Nimekuja kushukuru. Kazi yako nimeridhika nayo, na watu wa kwetu wameiona, wameipenda. Wengi wao hawajawahi kuwa na sura tangu waumbwe. Walidhani haiwezekani."

Akajisogeza kando ili Vaileth aone nje. Barazani, kwenye kivuli chembamba cha paa, walikuwa wamekaa kwa adabu, mabega kwa mabega, viganja magotini, mpaka mwisho wa ukuta na kupita kona. Waliovaa suti walikuwepo, waliovaa kanzu, waliojifunga khanga. Juu ya shingo zao ulionekana ukuta tu. Na mbele yao mtaa ulikuwa unapita na mambo yake: wanafunzi wakitoka shule, mama na mtoto mgongoni, kijana wa bodaboda akicheka na simu, vichwa vyao vyote wazi juani.

"Hawana haraka," yule mwanamume akasema kwa upole. "Wakihudumiwa watasubiri. Wasipohudumiwa, watajitafutia wenyewe."

Vaileth aliutazama mtaa, akawatazama wale wa barazani. Uchovu ukamshuka kuanzia utosini mpaka nyayoni, na alijua kwamba huu hautaisha kwa kulala. Akaifunga kadi ya kipaimara. Akafungua ukurasa mweupe.

"Haya," akasema. "Aingie aliyetangulia."