Kigingi cha Kumi na Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Futi alikuwa na kazi moja: kukunja michoro ya mama yake na kuiondoa mezani ili chai iandaliwe. Mama yake alikuwa mhandisi mshauri wa barabara. Yeye ndiye aliyeamua kona ipinde kiasi gani, mlima uwe mkali au mpole, na tabaka la kokoto chini ya lami liwe nene kiasi gani. Baba alizoea kutania kwamba katika nyumba ile barabara hunywa chai kwanza, watu baadaye. Futi mwenyewe alipachikwa jina hilo kwa sababu tangu utotoni hakuachana na futi ya mama yake, ule utepe wa kupimia. Alipima kila kitu, hata mkia wa paka.

Asubuhi hiyo hakuna aliyetania. Juzi yake lori lilikuwa limepinduka kwenye kona mpya, karibu na shule. Dereva alikuwa baba yake Mapengo, mvulana aliyekaa dawati moja na Futi. Hospitalini walimkata mguu.

"Wanasema alikuwa anakimbiza gari," baba alisema. "Akipata nafuu tu, mahakamani. Na huko ni jela moja kwa moja."

Mama hakugusa chai yake. "Kona niliyoichora mimi haiwezi kupindua lori," alisema, macho kwenye mchoro. "Labda kweli alikimbiza."

Futi alijua jambo ambalo mama yake hakulijua.

Miezi mitano nyuma, kabla kokoto hazijamwagwa, vigingi vyenye vichwa vyekundu vilisimikwa pale kuonyesha barabara itakapopita. Siku ya mechi, Futi na Mapengo waling'oa viwili, cha kumi na saba na cha kumi na nane, wakavifanya nguzo za goli. Mechi ilipokwisha walivirudisha kwa kukisia tu. "Hapa hapa panatosha, nani ataona?" alisema Mapengo. Futi hakubisha, ingawa kati ya watoto wote wa shule ile ni yeye aliyejua kwamba kigingi hakisimikwi kwa kukisia.

Kesho yake alikuwa ndani ya gari la mama yake pale kazini. Desturi ya mama ilikuwa kupima vigingi upya siku ya mwisho kabla kokoto hazijamwagwa, bila kukosa. Lakini mawingu yalikuwa yametanda, na malori ya kokoto yalipanga foleni.

"Mhandisi, si ulivipima wiki iliyopita?" mkandarasi alimhimiza. "Tia sahihi tu, mvua hiyo inakuja."

Mama aliangalia juu, akaweka karatasi ya idhini kwenye boneti, akatia sahihi. Futi alifungua mdomo, akaufunga. Aliogopa kugombezwa mbele ya wafanyakazi.

Sasa, shuleni siku hiyo baada ya ajali, wenzao walimwandama Mapengo. "Baba yako alidhani lori ni ndege!" Wakati wa mapumziko Mapengo alimvuta Futi kando.

"Unadhani ni vile vigingi?"

"Sijui," Futi alisema. Alijua.

"Mimi nikisema, watasema namtetea baba," Mapengo alisema. "Hakuna atakayeniamini."

Jioni Futi alipiga moyo konde, akamweleza mama kila kitu. Mama hakupiga kelele. Alichukua futi na mchoro, wakaenda wote watatu, pamoja na baba, hadi kwenye kona. Alipima kutoka nguzo ya zege iliyo kando, alama isiyohamishwa, akarudia mara ya pili, mara ya tatu. Barabara ilikuwa imeingia ndani mita tatu na nusu kupita mchoro, na kona ikapinda ghafla. Mama alikaa kwenye ukingo wa barabara akalia waziwazi.

"Kosa si lako," baba alimwambia. "Ni watoto wamehamisha."

"Watoto huchezea vigingi kila mahali. Ndiyo maana tunapima upya, na kupima ni kazi yangu, si ya mtoto. Kesho naandika barua."

"Ukiandika, watakunyang'anya kazi, mke wangu."

"Nisipoandika, atafungwa mtu asiye na hatia."

Hospitalini, Futi alisimama kando ya kitanda akaeleza mwenyewe, machozi yakimtoka. Mama naye alieleza sehemu yake. Dereva aligeukia ukutani. Mwishowe alisema, "Mke wangu ameanza kuniuliza kama nilikuwa nakimbiza. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini." Hakusema kwamba amewasamehe.

Mama alipeleka barua, na kesi ikafutwa. Kona ilibomolewa na kujengwa upya, chini ya mhandisi mwingine, na malori yakapita salama. Mama alizuiwa kutia sahihi mchoro wowote kwa miaka miwili.

Asubuhi moja Futi aliamka akaenda kukunja michoro kama kawaida yake. Meza ilikuwa tupu. Alisimama pale mikono ikining'inia, asijue la kufanya. Mama alimvutia kiti.

"Kaa, mwanangu. Sahihi yangu ilimwambia kila dereva: pita, nimeona kwa macho yangu. Siku ile sikuwa nimeona. Na wewe uliona, ukanyamaza. Ukijua jambo linaloweza kumuumiza mtu, liseme siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka."

"Lakini nilisema, mama."

"Ulisema, na baba yake Mapengo hakufungwa. Hilo nitakushukuru daima. Lakini wewe ulichelewa miezi mitano, na mimi niliona uvivu wa kupima kwa nusu saa. Aliyelipia ni mtu mwingine, kwa mguu wake."

Mlango uligongwa. Alikuwa Mapengo, amempitia Futi waende shule.