Masizi Yaliyoelekea Mbele

Masizi ya ndege huelekea nyuma. Hilo halihitaji shule: injini iko mbele, upepo unapiga, na moshi unafuata mbavu za ndege hadi mkiani. Kwa hiyo Jumatano ile ya pili ya Januari 2008, Darshana alipoona kwenye kompyuta ya kaka yake ndege yenye mstari mweusi unaotoka kwenye bomba la moshi na kwenda mbele, kuelekea puani, alicheka.

"Bhai, umechoka wewe. Umepaka masizi upande mbaya."

Mayur hakucheka. Alisogeza kiti karibu na skrini, akaizungusha ndege polepole, kushoto, kulia, chini ya tumbo.

"Mimi sijapaka hiyo," alisema.

Mayur alikuwa na miaka ishirini na sita. Asubuhi alitengeneza redio na simu katika duka aliloachiwa na baba yao, hapo chini, katikati ya mji wa Nakuru. Mchana alipanda ghorofani kufanya kazi aliyoipenda kuliko chakula: kuunda ndege za michezo ya vita ya kompyuta. Aliusuka kwanza mwili wa ndege kwa mistari midogomidogo, kisha akaushonea vazi la rangi, yaani picha bapa yenye kila mkwaruzo na kila tone la oili, akauvisha mwili huo hadi ungeapa ni bati. Wazungu wasiomjua walimsifu mtandaoni, naye sifa zilimlewesha upesi. Darshana, mdogo wake wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyezirusha ndege hizo mara ya kwanza katika mchezo, maana alikuwa na mkono mwepesi na mdomo usioficha makosa ya mtu.

Tangu fujo za uchaguzi wa Disemba duka lilikuwa limefungwa. Barabara ya kwenda Molo ilikuwa na vizuizi, uwanja wa maonyesho ulijaa watu waliochomewa nyumba, na upepo ukivuma kutoka magharibi ulileta moshi hadi mezani. Ndiyo sababu harufu ya kuungua ilipoanza kukaa ndani ya chumba cha Mayur, hakuna aliyeuliza. Nakuru nzima ilinuka hivyo. Kilichomsumbua Darshana kidogo ni kwamba harufu hii ilikuwa na petroli ndani yake, na nywele.

Ndege yenyewe ilitoka Menengai, kreta iliyo juu ya mji. Mwezi wa Novemba, mteja mmoja aitwaye Kipkorir, ambaye kwao ni kule juu ya kreta, alimteremsha Mayur hadi kwenye mabaki ya ndege ya mafunzo ya Waingereza iliyoanguka wakati wa vita vikuu vya pili na kuteketea na rubani wake. Kipkorir alimpa sharti moja tu, na Mayur alirudi nyumbani akilisimulia kwa mzaha, akiiga sauti yake: "Boss, huku hatubebi kitu. Hata jiwe. Ukibeba, utafuatwa mpaka kwa nyumba."

Mayur alilishika sharti. Alitoka kreta mikono mitupu, hata parafujo hakubeba. Kwenye kamera tu ndiko kulikuwa na picha mia tatu: kila bati, kila mkwaruzo, kila doa la moto, na kile kiti kilichoungua.

"Picha si kitu," alimwambia dada yake. "Picha ni picha."

Jumatano hiyohiyo Darshana aliirusha ile ndege kwa dakika kumi. Ilipaa vizuri. Alipoachia usukani wa mchezo aliona doa jeusi kwenye kifundo cha mkono, akadhani ni uchafu. Sabuni haikulitoa. Mchanga wa kusugulia sufuria pia haukulitoa, ila ulimchubua pembeni.

Kufikia Ijumaa doa lilikuwa limepanda hadi kwenye kiwiko, na kutoka hapo hadi begani vilitokea vijipele vidogo, vigumu, vilivyopangana mstari mmoja kwa nafasi sawasawa. Darshana alivihesabu kwa kidole, akavitambua. Alikuwa ameviona mara mia kwenye mbawa. Zilikuwa ribiti, ile misumari bapa inayoshikanisha mabati ya ndege.

Mama yao, Shakuntala, alimpaka dawa ya daktari, kisha manjano, kisha akawasha taa ya sala mbele ya miungu yake. Dirisha lilikuwa limefungwa na pazia limetulia. Hata hivyo mwali wa taa ulilala upande mmoja, ukamnyooshea Darshana kidole.

"Mayur, beta, mwanangu," mama alinong'ona bila kugeuka, "nini umeleta kwa hii nyumba?"

"Sijaleta kitu, Mummy. Naapa."

Lakini aliogopa. Jioni ile, Darshana akiwa amelala kwenye kochi lililo nyuma yake, Mayur aliifuta ile ndege. Darshana alisikia kitufe kikibonyezwa, na papo hapo pumzi ikamkatika. Si kwamba alikabwa. Ni kama kifua kilisahau kazi yake. Alijaribu kuvuta hewa, akakuta hapana pa kuivutia. Aliupiga ukuta kwa mguu. Mayur aligeuka, akamwona midomo imekuwa samawati, akairudisha ndege kutoka kwenye pipa la taka la kompyuta baada ya kukosea mara mbili. Hewa ikarudi. Na hewa iliporudi ilikuja na sauti, sauti kavu, ya mtu mzima, na Darshana akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema maneno asiyoyatunga.

"Miaka yote hii nilikaa uchi katika majivu," mdomo wake ulisema. "Mmenivisha. Sasa nataka kutembea."

Kisha alibaki yeye, analia, na petroli kwenye ulimi.

Jumamosi saa nne asubuhi Shakuntala, ambaye tangu aolewe hakuwahi kuingiza mganga ndani ya nyumba yake, alirudi kutoka mtaa wa Bondeni na mama mmoja Mnubi mfupi, mnene, aliyepanda ngazi akilaani kila hatua. Huyo alikuwa Mama Kaltuma. Alikuwa akiuza vitumbua asubuhi na kutoa majini mchana, na kazi zote mbili alizifanya kwa hasira ileile.

Alimshika Darshana mkono, akaunusa. Akamgeukia Mayur.

"Ulibeba nini?"

"Sikubeba kitu. Nilipiga picha tu."

"Na wewe unatazama picha, ama unaivisha kitu?"

Mama Kaltuma aliinama mbele ya skrini, akaitazama ndege kama anayekagua nyama buchani.

"Umekibeba kitu kizima kutoka kichwa mpaka miguu halafu unaniambia hukubeba. Sawa. Msichana alienda huko?"

"Hapana."

"Basi mbona kinamkalia yeye? Wewe ndiye ulienda. Wewe ndiye mwenye pua ndefu. Mbona yeye?"

Darshana alimtazama kaka yake, akaona sikio lake likiwa jekundu, na akajua kabla hajasema.

"Ngozi ya kile kiti ilikuwa imeungua," Mayur alisema kwa sauti ya chini. "Kulikuwa na mashimo kwa picha. Nilihitaji kitu cha kahawia, kiko na mikunjo. Disemba nilimpiga Darshana picha ya mkono, karibu kabisa, na taa. Nikajazia nayo. Kwa kiti. Kwa usukani. Halafu... kila mahali penye pengo."

Darshana aliikumbuka siku ile. Alikuwa amecheka, akidhani ni mchezo, na akauliza kama aondoe bangili.

"Basi toa," alisema Mama Kaltuma. "Toa mkono wake ubaki huo ushetani peke yake, halafu mimi nitajuana nao."

"Siwezi." Mayur alikuwa karibu kulia. "Rangi huwekwa tabaka juu ya tabaka, na kila moja unaweza kuiondoa peke yake. Lakini hii kompyuta ni ya zamani, memori ni kidogo, inakwama. Nilizibana zote zikawa moja, nikatupa zile za kwanza. Sasa ni kama kutoa chumvi kwa mchuzi."

Darshana alimchukia wakati huo. Alimchukia waziwazi, kwa moyo mzima, kwa uvivu wake na sifa zake na Wazungu wake, na hakutaka kumwangalia.

"Chumvi haitoki," Mama Kaltuma alikubali. "Lakini kila mahali ulipomweka dada yako unapajua?"

"Napajua."

"Basi pafunike. Pahali baada ya pahali, kwa mkono uleule uliomweka."

"Nifunike na nini?"

Yule mama aliutazama mkono wa Mayur uliokuwa juu ya meza, hadi Mayur mwenyewe akautazama. Halafu akaenda kuchukua kamera.

Kazi ile ilichukua siku tatu, asubuhi hadi jua kuzama. Mama Kaltuma alikaa mlangoni na chetezo cha ubani, akisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mayur aliketi akifunika kipande kimoja kimoja, mkono wake juu ya mkono wa dada yake, na kila alipomaliza kimoja Darshana alihisi kitu kikimng'oka begani, na asubuhi ya pili vipele vilikuwa vinamdondoka kitandani kama punje za mtama. Kwenye shingo ya Mayur, juu ya kola, mstari wa kwanza wa ribiti ulikuwa umeanza kuota.

"Bhai, acha," Darshana alimwomba. Chuki yote ilikuwa imemwisha. "Tutatafuta njia ingine. Please."

"Njia gani? Nyamaza ulale." Kisha, bila kugeuka, kwa sauti ndogo aliyokuwa nayo enzi za utoto wao: "Ningefaa kukuuliza kwanza. Ile siku. Ningekuuliza kabla nikuweke huko."

Siku ya tatu alasiri Darshana alikuwa safi hadi kwenye kucha, na Mayur alikuwa mweusi kutoka vidole hadi taya. Mama Kaltuma alisimama, akajifunga leso kiunoni.

"Sasa ni nyinyi wawili tu, wewe na yule aliyeungua. Nikisema, ifute. Pumzi itakatika. Mimi nitamvuta atoke. Nikishinda, utarudi."

"Na ukishindwa?"

"Futa."

Mayur alibonyeza, na injini ya ndege ikanguruma katika vipaza sauti vya kompyuta ambavyo waya wake ulikuwa umechomolewa na kulala sakafuni tangu Jumamosi, ikanguruma mpaka vioo vya madirisha vikalia na majirani wa ng'ambo wakafunga milango wakidhani fujo zimefika kwao, na harufu ya petroli na nywele ikajaa chumba kiasi kwamba Shakuntala alitapika palepale alipopiga magoti, na Mayur akaanguka kutoka kitini macho wazi, kifua kimetulia tuli, huku Mama Kaltuma amemkalia tumboni akisoma na kumpiga makofi na kumtukana yule aliye ndani yake kwa Kiarabu na Kinubi na Kiswahili cha sokoni, na Darshana akahesabu, sitini, mia mbili, mia nne, akijua kwamba hakuna mtu anayekaa muda huo wote bila hewa akarudi, akaendelea kuhesabu, mia tano, mia sita, mpaka kila kitu kikanyamaza kwa mpigo mmoja.

Mayur alivuta pumzi. Weusi ulimtoka usoni, shingoni, mikononi, kama maji yanavyokauka juu ya jiwe la moto. Shakuntala alimkumbatia akilia na kucheka, akimwita kwa majina yote aliyomwita akiwa mchanga. Darshana naye alilia mpaka kamasi.

Mayur alipomnyooshea mkono kumshukuru, Mama Kaltuma aliuangalia mkono huo, akaokota chetezo chake, akashuka ngazi bila kuushika na bila kulaani hatua hata moja. Siku iliyofuata Shakuntala alipompelekea sukari na kitambaa, aliambiwa amesafiri, na hakuna aliyejua atarudi lini.

Jumapili iliyofuata nyumba ilirudi kuwa nyumba. Shakuntala aliimba akikunja nguo, jambo ambalo hakulifanya tangu afiwe na mumewe. Mayur alisema atatengeneza chai, na Darshana akamfuata jikoni kwa sababu alitaka tu kukaa karibu naye.

Alimkuta amesimama mbele ya jiko la gesi na njiti ya kibiriti inayowaka. Gesi hakuwa ameifungua. Aliutazama moto ukishuka kwenye kijiti, polepole, kwa shauku, ukafika kwenye vidole, ukavilamba, ukazimika hapohapo kwenye nyama. Hakushtuka. Hakuondoa mkono. Jikoni kukanuka ngozi iliyoungua, naye akatoa njiti nyingine.

"Bhai?" Darshana alisema, na sauti haikutoka vizuri.

Aligeuka. Uso ulikuwa wa Mayur, kila kitu mahali pake. Alitembea kuelekea kwake hatua tatu, akiitazama miguu yake mwenyewe kila alipoinyanyua, na akatabasamu.

"Usimwambie mama yako," alinong'ona. "Amefurahi sana."

Kutoka chumba cha pili wimbo ulikatika. "Mayur, beta! Chai iko tayari?"

"Inakuja, Mummy!" alijibu, kwa sauti ya Mayur hasa, yenye uvivu na upendo ndani yake.

Wimbo ulianza tena. Darshana alifungua kabati, akatoa vikombe vitatu.