Kiti Kilichovuta Kushoto

Kila siku ya shule, Tihana na mama yake waliagana mlangoni. Mama, Bi Jagoda, aligeukia upande wa kiwanda cha mikate alikofanya kazi. Tihana aligeukia upande wa shule, peke yake, juu ya kiti chake cha magurudumu kinachoendeshwa kwa umeme.

"Usikimbize," mama alisema kila siku.

"Nikikimbiza si utaniona?" Tihana alijibu kila siku, kisha akakimbiza kidogo.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na watu wote wa mtaa wao wa Donji Grad, katika mji wa Osijek, walimfahamu. Muuza magazeti alimsalimu kwa kupiga saluti. Wazee waliosubiri tramu, lile treni dogo la mjini, walisogeza vikapu vyao apite. Tangu utotoni Tihana alikuwa na distrofi, ugonjwa unaodhoofisha misuli kidogo kidogo. Miguu yake haikuweza tena kumbeba, na kuinua bilauri iliyojaa ilikuwa kazi kubwa. Lakini kile kijiti cha kuongozea kiti, kilichokaa chini ya mkono wake wa kulia, alikitawala vizuri mno.

Ustadi huo haukuja kwa bahati. Zrinka, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimfundisha kwa muda mrefu katika ukumbi wa kituo cha tiba. Alipanga chupa tupu za plastiki sakafuni, naye Tihana akapita katikati yake. Mwanzoni aliziangusha zote. Zrinka hakumwacha arudie mpaka achoke, kwa kuwa misuli ya namna ile ikichoshwa huumia. "Kidogo, pumzika, rudia," ndivyo alivyomwambia. Jirani mmoja aliwahi kusema kwamba mtoto ambaye misuli yake inaisha hawezi kufundishwa kitu. Zrinka aliposikia alicheka kwa hasira.

"Misuli inapungua nguvu, sawa," alisema. "Lakini anayejifunza ni ubongo, na ubongo wa Tihana hauna shida yoyote. Tena una kiburi!"

Basi, siku moja ya mvua, kijiti kile kiliingia maji kikafa. Duka la vifaa vya tiba walikonunua kiti likafunga kijiti kipya. Kesho yake asubuhi Tihana akaagana na mama kama kawaida. Hakufika hata kwenye kona. Kiti kilianza kwenda kushoto chenyewe, kuelekea reli za tramu. Alikirudisha, kikaenda tena. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshateleza ukingoni alipoachia kijiti na kiti kikasimama. Tramu ilipita mbele yake ikipiga kengele, na upepo wake ukampeperusha nywele.

Bi Jagoda aliyaona yote kutoka upande wa pili wa barabara. Hakupiga kelele. Alivuka, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akakirudisha nyuma mbali na reli.

"Leo hatuendi kazini wala shule," alisema. "Tunakwenda dukani."

Dukani, malalamiko yalipokelewa na Bi Nevenka, mwanamke nadhifu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Alimsikiliza Bi Jagoda huku akitabasamu kwa upole, kisha akamwinamia Tihana.

"Mpenzi, kijiti ni kipya, wewe umezoea kile cha zamani. Ni jambo la kuzoea tu." Akamgeukia mama na kupunguza sauti, kana kwamba mtoto hasikii. "Na kwa hali yake, mama, mkono nao unaweza kuwa umedhoofika. Tuwe wakweli."

"Mkono wangu haujadhoofika!" Tihana alisema. "Kiti kinavuta kushoto."

"Mjaribu kwa mwezi mmoja," alisema Bi Nevenka, akaandika kwenye kompyuta kwamba mtumiaji hajazoea. "Kama bado kuna shida, rudini."

Njiani kurudi, Tihana alikuwa akiutazama mkono wake tu. Maneno ya Bi Nevenka hayakumtoka akilini. Vipi kama ni kweli? Vipi kama mkono umeanza kumwacha, kama miguu ilivyomwacha?

Tangu siku hiyo mama alimkataza kwenda shule peke yake. Rafiki yake Dunja, aliyekaa ghorofa ya juu, ndiye aliyetembea kando yake, upande wa barabara.

"Mimi sasa ni ukuta wako," Dunja alisema. "Ukinigonga, unaninunulia aiskrimu."

Siku za kwanza Dunja alikula aiskrimu nyingi. Tihana alikazana. Alikisukuma kijiti mbele huku akikilaza kulia kidogo, kukizuia kiti kisikimbilie reli. Kidogo, pumzika, rudia. Siku zikapita, na asubuhi moja Dunja akashtuka kwamba wamefika langoni mwa shule bila kugongwa hata mara moja. Mkono wa Tihana ulikuwa umeanza kukilaza kijiti kulia wenyewe, bila yeye kufikiri.

Lakini kazi hiyo ya kuvutana na kiti ilikuwa na bei yake. Ikifika saa ya chakula cha mchana, vidole vya Tihana vilikuwa vimelegea, na kijiko kilimponyoka kikaangukia kwenye supu. Zrinka alipoupima mkono ule alikunja uso. "Mkono huu unafanya kazi isiyo yake," alisema. "Rudini dukani, msingoje zaidi."

Walirudi mwezi ulipotimia, pamoja na Dunja. Safari hii Bi Nevenka alimwita fundi, Bwana Berislav, mwanamume mnene mwenye masharubu yaliyopauka kwa tumbaku.

"Haya, binti," fundi alisema, "endesha kutoka hapa mpaka kwenye ule mlango. Nataka nione."

Tihana akasukuma kijiti. Kiti kikaenda moja kwa moja, kimenyooka kabisa, katikati ya rafu za mikongojo na viti vya bafuni, mpaka mlangoni.

Bi Nevenka akapiga makofi. "Mnaona? Nilisema! Amezoea. Hongera sana, mpenzi."

Bi Jagoda akakitazama kiti kwa mshangao. Dunja akamwinamia rafiki yake na kumnong'oneza sikioni, "Wewe, umechanganyikiwa? Unaendesha vizuri mbele yao! Rudi tena, halafu igonge ile rafu ya mikongojo. Iangushe yote. Wataamini sasa hivi."

Ilikuwa rahisi mno. Angeulegeza mkono tu, na kiti kingefanya mengine. Isitoshe, kasoro ilikuwepo kweli, kwa hiyo huo ungekuwa uongo? Tihana aliutazama ule mkono wake mwembamba juu ya kijiti. Akakumbuka aiskrimu zote za Dunja, na vijiko vilivyomponyoka. Angejifanya hajui kuendesha, baada ya kazi yote ile? Angewathibitishia kwamba mkono wake hauwezi?

"Siigongi," alijibu kwa sauti, kila mtu akasikia. Kisha akamgeukia fundi. "Bwana Berislav, umeona kiti kinanyooka kwa sababu mimi ndiye ninayekinyoosha. Muda wote ninakivuta kulia. Mkono wangu umejifunza, ndiyo maana hamwoni kitu. Lakini unachoka hata siwezi kula. Kaa wewe mwenyewe ukiendeshe."

Fundi akakuna masharubu. Bi Jagoda akamnyanyua binti yake na kumketisha kwenye sofa, na Bwana Berislav akajibana ndani ya kile kiti. Akasukuma kijiti mbele, wima. Kiti kikaondoka kwa heshima, kikapinda kushoto, kikaingia kwenye rafu ya mikongojo. Mikongojo ikamiminika juu ya kichwa chake kwa kishindo.

Dunja alicheka mpaka akakaa chini.

"Si ajabu," Bi Nevenka alisema haraka. "Naye hajazoea. Mtu yeyote akikaa mara ya kwanza..."

"Basi nipeni kiti kingine," Tihana alisema. "Kile pale kipya, kama changu. Nijaribu na hicho."

Bi Jagoda akamweka. Tihana akavuta pumzi, akasukuma kijiti kama alivyozoea. Kiti kipya kikaenda kwa ghafla upande mmoja, kikagonga meza ya malipo, na kalamu zikatawanyika sakafuni. Uso wa Tihana ukawaka moto.

"Mnaona?" alisema Bi Nevenka, safari hii kwa huzuni kidogo. "Hata kiti kizima hawezi kukiendesha."

Lakini Tihana alikuwa ameitazama ile meza. Ilikuwa upande gani? Ghafla macho yake yakang'aa.

"Kulia!" alipaza sauti. "Nimekwenda kulia! Mkono wangu unadhani bado uko kwenye kiti kile kingine. Unanyoosha kitu ambacho tayari kimenyooka!"

Bwana Berislav, aliyekuwa bado ana mkongojo mmoja begani, akasimama polepole.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Asiyejua kuendesha angekwenda popote. Huyu amekwenda sawasawa upande ambao kiti kibovu kingehitaji kurudishwa."

Akachukua bisibisi, akakifungua kijiti cha kiti cha Tihana palepale mezani. Kiungo cha ndani kilikuwa kimefungwa kimeenda upande, kidogo tu, kama kofia iliyovaliwa vibaya. Akafungua kijiti kingine kutoka boksi lilelile ghalani. Nacho kilikuwa vivyo hivyo.

Bi Nevenka alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu. Kisha akafanya jambo ambalo Bi Jagoda hakulitarajia. Alivuta kiti, akaketi, macho yake yakawa sawa na macho ya Tihana.

"Siku ile nilizungumza na mama yako juu ya mkono wako, badala ya kukuuliza wewe," alisema. "Nilikuwa nimeshapata jibu kabla hujamaliza kueleza. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Tihana. "Lakini kuna wengine mliowapa vijiti vya boksi hili?"

Walikuwepo. Bi Nevenka aliwapigia simu wote siku ileile, huku Tihana na wenzake wakisubiri kijiti kizima kifungwe. Mmoja wao alikuwa mzee wa mji wa Đakovo aitwaye Stipan. Yeye aliambiwa kwamba tatizo ni uzee, akaamini, akaacha kwenda kucheza karata na wenzake. Sauti yake ilisikika hadi nje ya simu: "Kumbe si mimi? Mama yangu, kumbe si mimi!"

Kukizoea kijiti kizima nako kulikuwa na vituko. Siku kadhaa Tihana alikwenda kulia tu, akagonga uzio wa jirani na pipa la takataka, na Zrinka akapanga upya chupa zake. "Safari hii unajifunza kusahau," alimwambia. "Hiyo nayo ni kazi ya ubongo." Mkono ukatulia, na kijiko kikakaa tena vidoleni mpaka mwisho wa supu.

Jumatatu iliyofuata, siku ya kwanza ya Tihana kwenda tena peke yake, Bi Jagoda alimfunga skafu mlangoni, akakawia kuiachia.

"Dunja aliniambia alichokushauri pale dukani," alisema.

"Dunja hana siri."

"Sikiliza, mwanangu. Mtu akiuziwa kitu kibovu ana haki ya kulalamika, na asinyamaze kwa sababu anaambiwa kosa ni lake. Lakini alalamike kwa ukweli. Ungeigonga ile rafu, wangekupa kijiti kipya ili mwondoke, na wangebaki wakidhani mkono wako ndio mbovu. Na yule mzee wa Đakovo angekuwa bado ndani kwake, anajilaumu. Ulisema ukweli hata ulipoonekana unakuumbua, ndiyo maana ukawafaa na wengine. Na mkono huu," akaushika, "usimwache mtu yeyote akwambie haujifunzi."

Tihana akaubana kidogo mkono wa mama, kisha akaurudisha wake juu ya kijiti.

"Haya, nenda," mama alisema. "Utachelewa."

Tihana akasukuma kijiti. Bi Jagoda alisimama akimtazama akipita kwa muuza magazeti, akipita kwa wazee wa tramu, amenyooka kandokando ya reli mpaka akapotelea kwenye kona. Kisha akageuka akaenda kazini, na siku hiyo kila mwenzake pale kiwandani aliisikia habari ya Tihana na kiti chake, na wengine waliisikia mara mbili.