Picha ya Mwanzo

Niwaombe msamaha mapema, kwa sababu hadithi hii nitaiharibu. Mimi ni mtu wa mwisho. Jukwaani, kwa miaka kumi na minne, kazi yangu ilikuwa kumalizia. Aliyekuwa akianza ni Musembi. Anatoka kwanza, mwembamba kama kamba ya kuanika nguo, anasafisha koo mara mbili, khm, khm, halafu anaanza kueleza shida zake taratibu. Mimi natokea nyuma na tumbo langu, naharibu kila kitu, watu wanacheka. Kwa hivyo mkiona mwanzo umelegea, jueni mwenye mwanzo hayupo.

Na nimechoka. Hilo nalo mnisamehe.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili, ule wa mgao wa stima. Nairobi ilizimwa mtaa kwa mtaa, kwa zamu, kama watoto wanaooga kwenye beseni moja. Vinyozi walilia. Sisi wachekeshaji tulilia, maana ukumbi ukiwa giza hata wewe mwenyewe hujui kama kuna mtu. Waliofurahi mji mzima walikuwa watu tisa tu, wale wa chama cha picha za anga.

Walikutana kila Alhamisi mchana, ghorofa ya tatu, Tom Mboya Street. Mimi na Musembi tuliingia mara ya kwanza kwa sababu ya mandazi. Tulirudi kwa sababu ya picha. Mtu anakuwekea Zohali mkononi, na pete zake, ndogo kama kifungo cha shati. Unaishika pembeni usiichafue kwa vidole. Na kanuni ilikuwa moja: hupitishi picha kwa jirani kabla hujasema neno zuri juu yake. Mimi nilikuwa natafuta mzaha. Musembi alikuwa na neno lake moja tu, analisema polepole, akimaanisha.

"Hii ningeitundika sebuleni."

Picha bora kuliko zote zilikuwa za Mzee Jamleck wa Mutuini, pembezoni mwa mji, mpima ardhi aliyestaafu. Mawingu mekundu ya gesi, mafundo ya nyota yaliyojaa kama sukari iliyomwagika. Stima ikikatwa, Mutuini yote inakuwa giza, naye anatoa darubini yake shambani.

Alhamisi moja hakuja. Alituma neno kwamba Kibe, yaani mimi, nimchukulie picha zake kwa Caren, mwenye studio kule Ngara, nimpelekee nyumbani.

Tulifika Ngara saa kumi na moja na nusu jioni. Musembi alibaki garini, kwa sababu ile Datsun yake ukiizima unatafuta watu wa kusukuma. Niliingia peke yangu.

Caren aliweka bahasha kwenye kaunta. Hakuiachilia.

"Mwambie mzee sioshi tena filamu zake."

"Amekukosea nini?"

"Filamu ya nyota ni nyeusi tupu, Kibe. Mashine haioni picha inaanzia wapi, inakata katikati. Kwa hivyo mzee hupiga mtu kwanza, na flashi. Picha ya mwanzo. Nikimwona huyo mtu, najua pa kukata."

"Si hiyo ni akili?"

Alinisogelea. Alinuka ile dawa ya kuoshea picha, chachu kama siki.

"Mama wa maziwa alisimama. Mwezi haukuisha akazikwa. Askari wa geti la jirani akasimama. Akazikwa. Mhubiri mmoja, vilevile. Nimewaosha wote kwa mikono hii." Sauti yake ilishuka. "Akikwambia usimame... usisimame. Hata kwa mchezo. Na mwambie Musembi."

Nilicheka. Ndiyo kazi yangu.

Garini Musembi akauliza, "Caren anasemaje?"

"Anasema nimenenepa."

"Mwambie si habari mpya hiyo."

Na hapo, jamani, ndipo nilipopata nafasi ya kwanza ya kumwonya.

Tulifika Mutuini jua likizama. Stima ilikuwa imeshaenda. Mbwa wa mzee alitutazama, hakubweka. Kulikuwa na nyumba ya mabati, tangi jeusi la maji, na shamba la mahindi yaliyokauka. Katikati ya uwanja darubini ilisimama, imefunikwa shuka jeupe.

Mzee alitukaribisha vizuri sana. Taa ya koroboi. Chai. Na kama nyumba yoyote ya kwetu, kabla chai haijapoa mgeni anapewa albamu.

Ukurasa wa kwanza: mwanamke kando ya tangi, kitambaa kichwani, amekunja uso kwa sababu ya flashi.

"Mama Nyakio," mzee akasema. "Mke wangu. Yeye ndiye nilimpiga wa kwanza. Sikuwa najua."

Kurasa zilizofuata zilikuwa nyota. Halafu mama na mtungi wa maziwa, kando ya tangi lile lile. Nyota. Halafu askari na rungu lake. Nyota. Halafu mhubiri, Biblia kwapani.

Nikafungua ukurasa haraka.

"Hii ningeitundika sebuleni," Musembi akasema juu ya wingu moja jekundu. Akarudisha ukurasa. "Na hawa watu, mzee, siku hizi wako wapi?"

"Wako. Wewe fungua tu mbele."

Tulitoka nje. Hakukuwa na mwezi. Anga ilikuwa imejaa mpaka ungedhani imeshuka. Mzee akafunua darubini, akachukua kamera, vidole vikimtetemeka.

"Naomba mmoja wenu. Picha ya mwanzo."

Alikuwa akinitazama mimi.

Nilirudi nyuma hatua moja. Mdomo, kama kawaida, haukurudi.

"Mzee, mimi siingiangi wa kwanza! Uliza mtu yeyote hii Nairobi. Huyu ndiye huanza."

Musembi akashusha pumzi, mtu aliyechoka baada ya siku ndefu. "Ni kweli, mzee. Huyu nikimwacha aanze, watu watadai pesa zao."

Akaweka kikombe chini. Akaenda kando ya tangi.

Ningesema sikufungua mdomo. Nilifungua.

"Sogea kushoto kidogo, wewe. Unaficha tangi. Tabasamu."

Khm, khm.

Flashi.

Mzee akaifunga kamera kwenye darubini. Akaniita. "Mikono yangu imekwisha, Kibe. Weka jicho hapa kwa hii darubini ndogo ya pembeni. Unaona msalaba wa nyuzi? Ile nyota ikae katikati. Ikitoroka, itavuta mkia kwenye picha; zungusha hiki polepole uirudishe. Dakika arobaini. Hakuna taa. Hakuna kutembea. Ikitikisika, picha imekufa."

Mota ya darubini ilianza kugonga. Tik. Tik. Tik.

Nikaweka jicho. Nyota moja, nyeupe, ikitetema kwenye nyuzi. Chuma kilikuwa baridi kwenye shavu. Kisha nikasikia harufu... siki. Ile ya Caren. Katikati ya shamba la mahindi.

Tik. Tik.

Halafu, karibu kabisa na jicho langu, kutoka ndani ya ule mrija...

Khm, khm.

Niligeuka. Musembi alikuwa bado kando ya tangi. Hivyohivyo, kushoto kidogo. Mdomo umefungwa. Anatabasamu.

"Musembi?"

Hakupepesa hata macho.

"Usimwite," mzee akanong'ona. "Utatikisa."

"Unamfanya nini, mzee?"

Alipojibu, hakuwa na sauti ya mchawi. Alikuwa na sauti ya mzee aliyechoka kukaa peke yake jioni.

"Mama Nyakio alikuwa mtu wa wageni. Nyumba hii haikukosa watu. Sasa yuko huko peke yake. Namtafutia wa kuongea naye."

Mguu wangu ulikuwa futi moja kutoka kwa stendi ya darubini. Futi moja. Teke moja, picha imekufa.

Nikafikiri: nikiiangusha hii, atahitaji mwingine wa kusimama. Na mwingine aliyepo hapa ni mmoja tu.

Nikarudisha jicho.

Tik. Tik. Tik. Kila nyota ilipotaka kutoroka, niliirudisha.

Muda ulipokwisha, mzee alifunga kamera, akamgusa Musembi begani. Musembi akapepesa macho, akatembea hadi kwenye gari.

"Uko sawa?" nikamuuliza njiani.

"Nimechoka tu, Kibe."

Onyesho lililofuata alitoka jukwaani, akasimama. Hakusafisha koo. Hakusema kitu. Alitabasamu tu, kushoto kidogo ya maikrofoni. Watu walicheka sana, wakidhani ndiyo mchezo. Wiki ya tatu alilala baada ya chakula cha mchana, na Stellah, mke wake, hakuweza kumwamsha. Daktari alisema moyo. Kwao watu wengi hufa kwa moyo. Inawezekana.

Filamu nilikuwa nimepewa mimi niipeleke. Baada ya mazishi nilimbembeleza Caren mpaka akaiosha. Akanionyesha picha ya mwanzo: tangi la maji, na ardhi kando yake. Wale wa kwenye albamu wote walionekana; hapa hakuna mtu.

"Labda flashi haikushika," akasema. Tangi lilikuwa linang'aa. Akanitazama. "Musembi ulimwambia?"

Niliuliza bei.

Mzee Jamleck hakurudi tena chamani. Wengine wanasema alihamia kwa binti yake, wengine wanasema mlango uko wazi na chai ni moto. Sijaenda kuangalia.

Lakini picha nilienda nayo Tom Mboya, Alhamisi baada ya mazishi. Lile fundo la nyota tulilopiga usiku ule. Ikazunguka chumba, mkono kwa mkono, pembeni pembeni. Hawakuwa wamewahi kuona kitu kama hicho. Mmoja akauliza hii nyota ndogo ya upande wa kushoto ni gani, mbona haiko kwenye ramani yake. Hakuna aliyejua. Ikafika kwangu, na kanuni ni kanuni. Wote wakanisubiri.

"Hii," nikasema, "ningeitundika sebuleni."

Na nimeitundika. Usiku stima ikipotea, picha huwa inasafisha koo, mara mbili, halafu inasubiri nimalizie.

Mkitaka kumlaumu mzee, mlaumuni, yeye alibonyeza kamera. Lakini iangalieni vizuri ile picha. Dakika arobaini, na hakuna nyota hata moja iliyovuta mkia. Mikono ya mzee inatetemeka kama jani. Yangu, siku hiyo, haikutetemeka hata kidogo.