Vigae Alivyofagia Awinja

Asubuhi hiyo Awinja alikama ng'ombe, akachemsha chai na kuepua viazi vitamu. Mumewe, Makhanu, alikuwa kibarazani akinoa panga. Mkaza mwana wao, Shantel, alikuwa akifua nguo. Shantel alikuwa na mimba ya miezi miwili. Mimba hiyo ilikuwa siri, lakini kijiji kizima cha Musanda kiliijua, kwa sababu aliyeitunza siri ni Awinja.

Makhanu na Awinja ni wakulima wa miwa. Mwaka huu walitoa nusu eka ya shamba lao ijengwe zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Awinja alikuwa na sababu yake. Mwanawe Bravin, mume wa Shantel, alizaliwa njiani, juu ya trela ya miwa, walipokuwa wakikimbilia hospitali. Mpaka leo wenzake wanamwita Trekta.

"Mjukuu wangu hatazaliwa juu ya miwa," Awinja aliwaambia wote, hata wale ambao hawakuuliza.

Basi asubuhi hiyo chifu akaleta habari. Kabla ya mafundi kuanza, watu wa makumbusho wangekuja kuchimba mitaro michache. Walitaka kujua kama kuna vitu vya kale ardhini.

Chai haikuwa imepoa jirani yao Gentrix alipofika mbio.

"Mama Bravin, umesikia? Watu wa kuchimba wanakuja. Hao wanatafutanga dhahabu!"

"Dhahabu ya wapi? Hapa ni miwa tu."

"Haya, hata kama si dhahabu. Wakipata kitu ya zamani, shamba inafungwa. Zahanati inapelekwa kwingine."

Awinja aliweka kikombe chini. Shamba lile lilikuwa na vigae. Kila walipolima, vipande vya vyungu vya kale vilitokea. Vingine vilikuwa na nakshi. Palikuwa pia na vipande vyeusi, vizito, mfano wa mawe yaliyoungua.

Kwao mgeni akija, uwanja hufagiwa. Siku hiyo Awinja alifagia uwanja, kisha akaendelea hadi shambani. Yeye na Gentrix waliinama kutwa nzima, wakiokota kigae kimoja kimoja na kutia guniani. Gunia walilificha katika nyumba ya kuku, nyuma ya kuku aliyekuwa akilalia mayai. Kuku huyo alikuwa mkali kuliko mbwa wa nyumba hiyo.

Makhanu aliwatazama akacheka.

"Leo mnafagia shamba? Kesho mtapiga deki barabara."

Siku ya pili wageni walifika watatu. Kiongozi wao alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Jepkorir. Kazi yake ni akiolojia, yaani kuchunguza vitu vilivyoachwa ardhini na watu wa kale ili kujua waliishi vipi. Alizunguka shamba polepole, macho chini.

"Mama, shamba lenu ni safi ajabu," alisema.

Awinja alikohoa. "Sisi tunapendanga usafi."

Wageni walifunga kamba kwenye vijiti, wakapima mtaro wa urefu wa mita kumi na upana wa mita mbili. Waliondoa udongo wa juu kwa jembe, taratibu. Kisha wakapiga magoti na kukwangua kwa mwiko wa mwashi. Udongo uliotoka waliuchekecha.

"Kwa nini hamchimbi shamba yote?" Makhanu aliuliza.

"Hii ni mitaro ya majaribio, mzee. Mama akipika maharagwe, anaonja kijiko kimoja. Hamalizi sufuria."

"Na mkipata mfupa ya mtu?"

"Tunasimama hapo hapo. Tunaita chifu, wazee na familia. Hakuna kinachoguswa bila wao."

Makhanu alitikisa kichwa kukubali. Jibu hilo lilimridhisha.

Walichimba mtaro wa kwanza, wakapata udongo mwekundu mtupu. Wakachimba wa pili, ikawa vilevile. Saa saba Awinja aliwaita waje kula obusuma, yaani ugali, na kuku. Si yule mkali, mwingine.

"Mpaka sasa hakuna kitu," Jepkorir alisema. "Juu ya ardhi pia sioni dalili yoyote. Kesho nitaandika ripoti, na mafundi wataanza."

Awinja alifurahi hata akajisahau. Alichukua firigisi, akaiweka kwenye sahani ya mgeni. Katika nyumba za Waluhya firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Makhanu aliifuata kwa macho mpaka ilipoliwa.

"Nafurahi kwa ajili yenu," Jepkorir aliendelea, akitafuna. "Kuna mahali walijenga darasa bila kupima ardhi. Kumbe chini palikuwa na shimo la watu wa kale. Mwaka haukuisha, ukuta ukapasuka."

"Shimo ya zamani hivyo bado ni laini?" Awinja aliuliza.

"Udongo ukishachimbwa, haurudi kuwa mgumu kama ulivyokuwa, mama. Mvua ikinyesha, unadidimia. Ndiyo maana vigae hutusaidia sana. Mahali vinapolala panatuonyesha pa kuchimba."

Awinja aliacha kula. Alikumbuka jambo. Vigae havikuwa vimetapakaa shamba zima. Vilikuwa vimejipanga mstari mmoja, kutoka njia ya ng'ombe hadi kwenye migomba. Na katikati ya mstari huo ndipo ulipochomekwa mti wa alama ya chumba cha kujifungulia.

Alimwangalia Shantel akimimina maji ya kunawa. Akisema ukweli, huenda zahanati ikapelekwa kwingine. Akinyamaza, mjukuu wake atazaliwa chini ya ukuta unaoweza kuanguka. Aliogopa, na aliona haya.

"Jepkorir, ngoja kidogo," alisema.

Akaenda kwenye nyumba ya kuku. Makelele yalisikika, ya kuku na ya Awinja. Alirudi akiburuta gunia, mkono ukiwa umedonolewa.

"Ni mimi nilifagia shamba. Niliogopa mtatunyang'anya zahanati."

"Tulikuwa wawili," Gentrix alisema kwa sauti ndogo. Yeye alikuja kula, na sasa alitamani angebaki kwake.

Jepkorir alitazama ndani ya gunia, akashusha pumzi.

"Pole, mama. Hakuna anayewanyang'anya. Ila vikiwa guniani, siwezi kujua kila kimoja kilitoka wapi. Habari hiyo tumeipoteza."

"Lakini mstari naukumbuka," Awinja alisema. "Naweza kukuonyesha sasa hivi."

"Nionyeshe. Usivirudishe chini, nionyeshe tu."

Awinja na Gentrix walitembea shambani wakichomeka vijiti. Jepkorir alichimba mtaro wa tatu kukatiza mstari huo. Udongo ulianza mwekundu. Ghafla ukawa mweusi na laini, upana wa hatua sita, kisha ukawa mwekundu tena.

"Handaki!" Jepkorir alisema, uso ukimeremeta. "Hapa palikuwa na kijiji. Walikizungushia handaki wajilinde na maadui. Baadaye likajaa udongo na takataka zao. Na hivi vipande vyeusi ni mavi ya chuma, uchafu unaobaki mtu akiyeyusha chuma. Mlikuwa na wahunzi hapa!"

Makhanu alivimba kifua kama aliyeyusha chuma hicho mwenyewe.

Awinja alichukua kigae chenye nakshi. "Hii haikuchorwa na kisu. Unasokota kamba ya nyasi, halafu unaiviringisha kwa chungu ikiwa bado mbichi. Nyanya yangu alifanyanga hivi."

Jepkorir aliandika maneno hayo kwenye daftari, pamoja na jina la aliyeyasema.

"Sasa zahanati je?" Awinja aliuliza.

"Inasogea hatua thelathini, pale penye udongo mgumu. Basi."

"Na shamba haifungwi?" Gentrix aliuliza.

"Haifungwi. Vigae vitahifadhiwa makumbusho, mitaro tutaifukia. Juu ya handaki pandeni mboga tu, msichimbe kwa kina. Na siku nyingine mkiona kitu cha kale, msiokote, msiuze, na tafadhali msifagie! Kiacheni palepale, wekeni alama, mwambieni chifu au watu wa makumbusho."

Siku iliyofuata msimamizi wa ujenzi wa zahanati alihamisha alama za ujenzi. Baada ya wiki mbili mafundi walianza kazi. Gentrix alitangaza habari hiyo kanisani kama vile wazo lilikuwa lake.

Miezi saba ilipita. Alasiri moja Shantel alishikwa na uchungu. Alikwenda zahanati kwa miguu, Bravin akimshika mkono. Mvua kubwa ilikuwa inanyesha tangu Jumapili.

Awinja hakuketi. Alizunguka ukumbini akipapasa kuta, kona hadi kona.

"Mama, unatafuta nini?" muuguzi alimuuliza.

"Ufa."

"Hapa hakuna ufa, mama."

"Najua. Naangalia tu."

Alikuwa kwenye kona ya tatu mtoto alipolia. Awinja alitoka nje mvuani bila mwavuli, akamwita Makhanu kwa sauti iliyovuka shamba la miwa:

"Baba Bravin! Ni msichana! Na amezaliwa ndani ya nyumba!"